Nani alipima kuni? Eti umeme haufiki hata sehemu ya ishirini ya nishati ya Tanzania

Kibatari

Habari za jioni wakuu.

Jana nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa. Mimi nilisema sasa Bwawa la Nyerere la mto Rufiji limekamilika, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, basi nishati yetu sehemu kubwa ni umeme wa maji, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inafuata. Shemeji akanitazama, akasema ukichukua nishati YOTE inayotumika Tanzania kwa mwaka, umeme haufiki hata sehemu ya ishirini, na kuni na mkaa ni zaidi ya asilimia 80.

Asilimia 80 nimewahi kuisikia kwenye hotuba. Kilichonikosesha usingizi ni hiki: umeme una mita. Petroli inapimwa bandarini na inapimwa tena kwenye pampu. Kuni je? Bibi yangu Singida anaokota kuni miaka sitini, hajawahi kuona mtu anakuja na mizani. Hiyo asilimia 80 nani aliipima, na aliipimia wapi?

Wajuzi karibuni. Sitaki siasa, nataka hesabu.

Ngoja Kwanza

Nimekaa mbele kabisa. Swali la Kibatari hili, na jina lenyewe linajieleza.

Msema Kweli wa Tegeta

Shemeji yako kakosea. Hizo takwimu ni za zamani, kabla ya bwawa. Sasa hivi tuna megawati 2,115 kwa mwaka za Rufiji peke yake, ongeza mabwawa ya Kidatu 204, Kihansi 180, Mtera 80, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi yote. Mkaa hauwezi kufika huko.

Fundi Mita

Tegeta, naomba nikurekebishe taratibu, maana kosa hili nalisikia hata kwa watu wakubwa. Hakuna kitu kinaitwa "megawati kwa mwaka". Megawati ni upana wa bomba. Kilowati-saa, ile tunayoiita uniti, ndiyo maji yaliyoingia kwenye pipa. Bomba pana lililofunguliwa kwa muda wa saa mbili tu linaweza kujaza pipa dogo kuliko bomba jembamba lililoachwa wazi usiku kucha.

Bwawa la Nyerere lingezalisha megawati 2,115 bila kupumzika saa zote 8,760 za mwaka, ungepata gigawati-saa 18,500 na ushee. Lakini lilisanifiwa kutoa karibu gigawati-saa 5,900 kwa mwaka, kama theluthi moja. Rufiji ina masika na ina kiangazi. Mashine zimewekwa nyingi ili jioni watu wakiwasha kila kitu kwa pamoja umeme uwepo, na maji ya mchana yasubiri bwawani.

Msema Kweli wa Tegeta

Theluthi moja tu? Kwa hiyo theluthi mbili zimekwenda wapi, au tulijengewa kubwa kuliko mto?

Fundi Mita

Hazijaenda popote. Bajaji yako ina uwezo wa kukimbia spidi 60. Kwa mwaka mzima umekimbia saa ngapi kwa spidi hiyo? Mabwawa mengi duniani yako hivyo.

Maji ya Mtera

Naongeza kidogo kwa Fundi. Mimi nimekulia karibu na Mtera. Pale kuna namba mbili kila mtu wa eneo lile anazijua: mita 698.5 juu ya usawa wa bahari bwawa limejaa, mita 690 mashine zinazimwa. Miaka ya mgawo, 2006 na 2011, redio ilikuwa inasoma kina cha Mtera kama inavyosoma matokeo ya mpira. Megawati 80 zilikuwepo siku zote zile. Maji ndiyo hayakuwepo. Ukitaka kujua nchi ina nishati kiasi gani, uliza maji, usiulize mashine.

Karani wa Takwimu

Wakuu, nirudi kwenye swali la mleta uzi, maana linanihusu kikazi.

Kuni hazipimwi kama umeme. Zinakadiriwa. Kunakuwa na utafiti wa kaya: unachagua kaya kadhaa, unauliza mnapikia nini na mnatumia kiasi gani. Utafiti ukiwa mzuri zaidi unakwenda na mizani, unapima rundo la kuni asubuhi, unarudi kesho yake unapima zilizobaki. Unapata kilo kwa mtu kwa siku, unazidisha kwa idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kwa hiyo ukikosea robo kilo tu kwa mtu kwa siku, kwa mwaka umekosea tani milioni tano na nusu. Namba hiyo muiweke akilini kila mkisikia asilimia.

Baada ya hapo kilo zinageuzwa nishati. Kilo moja ya kuni kavu ni kama megajuli 16. Kilo ya mkaa kama 29. Kilo ya gesi ya mtungi 46. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6 kamili, hiyo haina "kama". Ndipo vyote vinaweza kujumlishwa kwenye jedwali moja. Wengine wanapenda kugeuza vyote kuwa tani za mafuta ghafi: tani moja ni sawa na uniti 11,630.

Kibatari

Asante sana Karani. Kwa hiyo kilo moja ya mkaa ni uniti nane za umeme? Nimegawanya 29 kwa 3.6.

Karani wa Takwimu

Nane na kidogo. Ndiyo.

Mama Mbili

Subirini. Kilo moja ya mkaa ni uniti NANE? Mimi maharage nayapikia kilo na zaidi ya mkaa. Dada yangu ana lile jiko la presha la umeme, anayaivisha kwa nusu uniti, tumeangalia mita kabla na baada. Maharage yale yale kutoka gunia moja. Vipi kwangu yamekula uniti nane na kwake nusu?

Nyuki Mweupe

Mama Mbili umegusa penyewe kabisa, na hapa ndipo shemeji wa Kibatari anapoweza kuwa sahihi na asiwe sahihi kwa wakati mmoja.

Nishati inaweza kupimwa mahali patatu. Porini, mlangoni, na ndani ya sufuria. Porini ni mti kabla haujaingia tanuru. Mlangoni ni gunia lililofika kwako. Sufuriani ni joto lililoingia kwenye maharage. Jiko la kawaida la mkaa linaingiza sufuriani kama sehemu moja ya tano, mara nyingine pungufu. Zinazobaki zinapasha jiko, ukuta, na uso wako wewe mpishi. Jiko la presha la umeme limefungwa, joto halina pa kutorokea, na presha inapunguza muda.

Na porini hali ni mbaya zaidi. Tanuru la udongo linahitaji kilo saba, nane za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo sufuria yako ya maharage imekula uniti zaidi ya thelathini za mti.

Mzee Tanuru

Kijana hapo kwenye kilo nane nakataa. Nimechoma mkaa Kilosa miaka ishirini na mbili, nimeacha kwa sababu ya mgongo. Anayepata moja kwa nane ni yule anayekata leo na kuchoma keshokutwa, magogo mabichi, kayarundika ovyo, kafunika majani kidogo, moto unapenya, asubuhi anakuta majivu. Mimi nilikuwa nakata mtundu na myombo, naacha zikauke mwezi mzima, napanga magogo manene katikati, membamba pembeni, naziba kwa majani na udongo mpaka moshi utoke pale ninapotaka mimi. Nilikuwa napata moja kwa tano. Tanuru halitaki haraka, linataka mtu wa kulikesha.

Karani wa Takwimu

Shikamoo Mzee. Ulichosema kina uzito. Hata hivyo kuna jambo la kuangalia: hiyo tano yako ulipima kuni zikiwa kavu. Mti mbichi nusu yake inaweza kuwa maji. Ungeupima siku ulipoukata ungepata namba karibu na ya Nyuki. Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi, mmepima siku tofauti tu.

Mzee Tanuru

Marahaba. Lakini maji hayaungui, kwa nini uyahesabu?

Karani wa Takwimu

Ndiyo ugomvi wenyewe Mzee. Vitabu vingine vinayahesabu, vingine vinatoa.

Mwanaziwa

Habari zenu majirani. Niko Kisumu. Nyinyi mnazungumza maji, sisi huku karibu nusu ya stima inatoka mvuke wa ardhini, Olkaria, tangu 1981. Haitegemei mvua. Nimeona jedwali moja la nishati ya Kenya, mvuke wa ardhini uko juu sana, unaacha mbali mabwawa yote. Nadhani hapo tumewashinda, na bado sijataja upepo wa Turkana, megawati 310.

Karani wa Takwimu

Mwanaziwa karibu, na hongera kwa Olkaria kwa kweli. Ila hilo jedwali lina jambo la kukuonyesha. Takwimu za kimataifa zina kanuni: uniti moja ya umeme wa maji inaandikwa megajuli 3.6, kama ilivyo. Uniti moja ya mvuke wa ardhini inaandikwa kama joto lililotoka ardhini, na wanachukulia kwamba ni asilimia 10 tu ya joto hilo inayogeuka umeme. Kwa hiyo uniti ile ile ikitoka Olkaria inaandikwa megajuli 36. Mara kumi! Balbu ya Kisumu na balbu ya Singida zinawaka sawa, kwenye kitabu ya kwako imekula mara kumi. Nyuklia nayo wanaipa asilimia 33, kwa hiyo inaandikwa mara tatu.

Mwanaziwa

Eish. Hiyo sikujua. Lakini si ni haki? Joto lilitoka kweli.

Fundi Mita

Joto lilitoka, sawa. Lakini lingefanya nini jingine? Mkaa usipouchoma leo, kesho utapikia kitu kingine. Mvuke usipoutumia ungekaa tu chini ya ardhi, hakuna kazi nyingine. Na maji ya Rufiji yakishuka, nayo yana nguvu inayopotea kidogo kwenye mashine, mbona hiyo haiandikwi? Mimi naona kanuni hiyo inachanganya watu.

Karani wa Takwimu

Fundi, kuna taasisi zilizowahi kuja na njia nyingine: wanauliza "umeme huu wa maji ungezalishwa kwa mafuta, ungekula mafuta kiasi gani?" kisha wanaandika hicho. Lile jarida la takwimu la kampuni ya mafuta ya BP, ambalo tangu 2023 linatolewa na Energy Institute ya London, lilitumia njia hiyo miaka mingi. Na kuni za kuokota lilikuwa halizihesabu kabisa. Kwenye jarida hilo bibi yake Kibatari hayupo duniani.

Kibatari

Hii imeniuma. Miaka sitini anabeba kuni kichwani.

Binti Fumba

Asalaam aleikum. Na sie wa Unguja mtuhesabu wapi? Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya wa kwanza wa 1980, wa pili megawati 100 ukaja 2013. Pemba wanaletewa kutoka Tanga tangu 2010. Kwa mtu wa bara sie sote ni mteja mmoja tu, mita moja pale unapoingia baharini.

Mwaka 2008 umeme ulikatika tukakaa mwezi mzima gizani. Mwisho wa 2009 ukakatika tena, tukakaa miezi mitatu. Mie nilikuwa skuli. Kila duka jenereta, mji mzima unanguruma. Sasa nnauliza, kwenye vitabu vyenu miezi ile ilionekana vipi? Umeme sifuri, haya. Lakini ile dizeli yote ya majenereta imeandikwa "usafiri" au imeandikwa "umeme"? Maana ilinunuliwa pampu ile ile ya magari.

Karani wa Takwimu

Wa aleikum salaam. Swali zuri kuliko majibu yangu yote. Dizeli ikishatoka kwenye pampu, aliyeinunua haulizwi anaipeleka wapi. Mara nyingi inakadiriwa kwa uwiano, na sehemu kubwa inaangukia usafiri.

Mwanamtwara

Na kwenye mafuta kuna jingine. Watu wanadhani mafuta ndiyo yanapimwa vizuri kuliko yote kwa sababu meli inapimwa bandarini. Ni kweli inapimwa. Lakini shehena inayoshuka Dar, sehemu kubwa ni ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi. Ukitaka matumizi ya Tanzania lazima utoe ya transiti. Na ya transiti yakirudi kwa mlango wa nyuma yakauzwa hapa hapa, kwenye kitabu yamechomwa Lubumbashi, kumbe yamechomwa Kibaha. Ndiyo maana yakawekwa vinasaba, yaani alama ya kemikali, ili mkaguzi akipima kituoni ajue haya yamelipiwa kodi ya hapa au hayajalipiwa.

Makala ya Goma

Jambo wandugu. Huku kwetu mkaa tunaita makala, mtu wa Dar akisikia makala anafikiri gazeti. Makala nyingi ya Goma inatoka upande wa hifadhi ya Virunga. Gunia linapita usiku, hakuna mtu anaandika. Na tuko nchi ya Inga, mabwawa ya umeme ya mto Kongo! Inga ya kwanza megawati 351, ya pili 1,424, na mto wenyewe unaweza kutoa zaidi ya megawati elfu arobaini. Waya wa Inga unapita kilomita kama 1,700 kwenda Kolwezi kwenye migodi, unapita juu ya vijiji vyenye kupika na kuni. Mkisema "matumizi ya nchi kwa mtu mmoja", shaba ya Katanga inagawanyiwa mama wa kijijini.

Msafiri wa Muskat

Wastani kwa mtu ni kitu cha kuangalia sana, Goma kasema kweli. Tanzania ni kati ya uniti 100 na 200 kwa mtu kwa mwaka. Mimi hapa Muskat mwezi wa saba kiyoyozi cha chumba kimoja kinamaliza hizo kwa siku chache. Na sehemu kubwa sana ya umeme wa Oman ni gesi asilia. Sijui kama hiyo ni sifa.

Ngoja Kwanza

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mkiongelea mita, kwangu uniti zinakimbia hata nikizima kila kitu. Wa elfu kumi unanipa uniti 28, wiki haishi. Nani ananiibia?

Fundi Mita

Zima swichi kuu, kaa mbele ya mita. Kuna kitaa chekundu kinamweka. Kwenye mita nyingi pameandikwa mimweko mingapi ni uniti moja, mara nyingi 1,000. Ukizima swichi kuu na kinaendelea kumweka, kuna tawi limeungwa kabla ya swichi, mwite mtaalamu aliyesajiliwa. Kikiacha, washa mzunguko mmoja mmoja mpaka kianze tena. Kwangu mimi mwenyewe ilikuwa hita ya maji imevujisha kwenye ardhi, fundi aliyefunga waya aliunga vibaya, miezi minne nilimshuku mpangaji asiye na kosa. Nilimwomba radhi.

Na hizo 28 ni sahihi. Sh 292 kwa uniti, ongeza asilimia za makato: VAT 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (mdhibiti) 1, unapata kama 356. Ile kodi ya majengo inakatwa pembeni.

Ngoja Kwanza

Asante mkuu, kesho asubuhi naleta majibu.

Msema Kweli wa Tegeta

Turudi. Nimekubali somo la bomba na pipa. Sasa nataka mtu anipe mkaa na bwawa kwenye mizani moja. Nani mkubwa?

Nyuki Mweupe

Nimeifanya kwa kalamu, wanahesabu wanirekebishe. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria Tanzania inatumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu inaliwa na Dar peke yake. Najua idadi ya watu imekua tangu hapo, lakini tuitumie hiyo hiyo.

Tani milioni moja mara uniti nane kwa kilo ni gigawati-saa 8,000. Bwawa la Nyerere, 5,900. Mlangoni, mkaa umeshinda.

Porini, tani milioni moja za mkaa ni tani milioni saba au nane za kuni, karibu gigawati-saa 31,000 hadi 35,000. Mkaa umelishinda bwawa mara tano hata sita.

Sasa ingia sufuriani. Mkaa gigawati-saa 8,000, sehemu ya tano inaingia kwenye chakula: 1,600. Umeme wa bwawa ukipikiwa kwenye majiko mazuri, chukua asilimia 85: 5,000. Bwawa limeushinda mkaa mara tatu.

Mizani tatu, washindi wawili. Kwa hiyo Kibatari na shemeji mnywe chai nyingine.

Kibatari

Nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo bwawa moja lingeweza kupikia wote waliokuwa wanapikia mkaa 2009 na likabaki?

Fundi Mita

Kwa pipa, ndiyo. Kwa bomba, hapana! Nyuki amesahau saa. Watu hawapiki saa 24, wanapika saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku. Kaya milioni mbili zikiwasha jiko la wati 1,000 kwa pamoja, hizo ni megawati 2,000. Bwawa zima, mashine zote tisa, kwa ajili ya maharage. Wakati bwawa linakamilika, mahitaji ya juu kabisa ya gridi nzima yalikuwa karibu megawati 1,900 pamoja na viwanda. Na bado hujatoa umeme unaopotea njiani.

Nyuki Mweupe

Sawa, lakini jiko la presha haliwaki muda wote. Linawaka, linazima, maharage yanaendelea. Na si wote wanaanza dakika moja. Gawanya hiyo kwa mbili angalau.

Fundi Mita

Nigawanye kwa mbili, bado ni megawati 1,000 za jioni. Na nyaya za mtaani, transfoma za mtaani? Transfoma ya mtaa wangu iliwekwa kwa hesabu ya balbu, televisheni na pasi.

Mwanamtwara

Hapo kwenye kupotea njiani, mnakumbuka Machi 2025 ilipotangazwa kwamba kanda ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya? Watu walikasirika, tuna bwawa halafu tunanunua. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa hayo hayo: kuusukuma umeme kutoka Rufiji, Chalinze, mpaka Arusha na Kilimanjaro kuna hasara. Mimi naona ni sahihi kihesabu.

Msema Kweli wa Tegeta

Mimi bado naona ingejengwa njia kubwa ya kaskazini kwanza. Hasara ya njiani inatibiwa kwa waya mzuri.

Mwanaziwa

Waya kutoka Isinya mpaka Singida ni wa kilovolti 400, na umeme unaweza kwenda pande zote mbili. Leo mnanunua, kesho mnatuuzia. Biashara ndiyo hiyo. Sisi wenyewe tunanunua Ethiopia tangu 2022 na Olkaria tunayo.

Maji ya Mtera

Na mwaka wa ukame mtashukuru kuwa na huo waya. Sisemi zaidi.

Mama Mbili

Mnaongea megawati, mimi niongee jikoni. Nilipohesabiwa kwenye sensa, karani aliniuliza nishati kuu ya kupikia. Nikasema gesi. Sikudanganya, mtungi upo, chai na mayai napikia gesi. Lakini maharage, makande, kongoro, mkaa. Kwa hiyo mimi kwenye kitabu ni mtu wa gesi, na gunia la mkaa liko nyuma ya mlango. Wenzangu wote wa mtaa huu wako hivi. Karani, ulituandika wapi?

Karani wa Takwimu

Mama Mbili umenikamata. Neno "kuu" ndilo tatizo. Sensa haina nafasi ya kuuliza kila chungu. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034, na tukihesabu kwa mtungi uliopo ndani tutafika mapema, huku misitu haijui kama tumefika.

Ungekuwa na mizani ungetusaidia. Pima mkaa wako wiki moja.

Mama Mbili

Mizani ninayo, nauza unga. Nitapima. Lakini mjue pia kwa nini sipikii umeme: mimi ni D1, kundi la watumiaji wadogo, uniti Sh 100 kabla ya kodi mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi ni 350, na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, kundi la kawaida la ile Sh 292. Nikianza kupika nitavuka. Mita yenyewe inaniambia rudi kwenye mkaa.

Nyuki Mweupe

Hili la D1 linastahili uzi wake.

Mzee Tanuru

Na mkaa mnaopima ni wa gunia gani? Zamani gunia lilikuwa gunia. Siku hizi lumbesa, limefungwa kilemba juu, kilo tisini na kitu. Kijana wa bodaboda anabeba matatu kwa njia za panya, kizuizi cha maliasili hakioni hata moja. Ukihesabu magunia yenye kibali umehesabu ya waaminifu.

Ngoja Kwanza

Fundi Mita nimefanya ulichosema. Ni pampu ya kisima cha baba mwenye nyumba, imeungwa kwangu. Naenda kuongea naye kwa adabu. Mungu akubariki.

Mama Mbili

Nimerudi, wiki imeisha. Tuko sita nyumbani. Mkaa kilo 9.1 kwa siku saba. Siku ya maharage peke yake kilo 2.2, siku ya wali na mchicha gramu 800. Mtungi wa kilo 6 unanichukua mwezi na nusu. Umeme mwezi uliopita uniti 44.

Karani wa Takwimu

Asante mno. Kilo 1.3 kwa siku, 39 kwa mwezi: uniti 312 za mkaa. Gesi kilo 4 kwa mwezi, uniti 51. Umeme 44. Jumla 407. Nyumba ya mtu anayeitwa wa gesi, mkaa ni kama asilimia 77, umeme 11.

Nyuki Mweupe

Mlangoni. Sufuriani huo mkaa ni uniti 62 tu.

Kibatari

Namtumia shemeji ukurasa huu wote, na Jumamosi naenda Singida na mizani ya kuning'iniza. Bibi nitampimia rundo la asubuhi na la jioni.

Mzee Tanuru

Mama Mbili, mkaa huo ni wa mti gani? Na ulipima pamoja na chenga au umezichekecha kwanza?

Mama Mbili

Pamoja na chenga Mzee. Mti muuzaji anasema mchanganyiko.

Mzee Tanuru

Basi pima tena.